Fa Iliyokufa

Mimi si mwanamuziki. Niandikeni fundi.
Bisibisi, ufunguo wa kukazia waya, kipande cha blanketi:
ndivyo nilivyoingia navyo Klabu ya Reli pale Jinja,
kwa mlango wa jikoni, miaka ishirini na minne,
kumtengenezea piano Perusi Naigaga.

Piano ilikuwa ya mwenye kinu cha pamba,
aliyeondoka na masanduku mawili na funguo zote mfukoni.
Tukalivunja kufuli.
Ndani: mayai ya mjusi, stakabadhi za pamba,
na mchwa walioanzia upande wa besi,
wakila taratibu, kwa adabu.

Yeye alijifunzia kanisani Iganga,
kinanda cha kusukuma kwa miguu,
miguu ikipanda mlima, mikono ikisoma zaburi.
Lakini nyumba ya baba yake ilitazamana na uwanja wa embaire:
mbao ndefu juu ya migomba, migomba juu ya shimo,
watu sita wanapiga, wawili kati yao hawasemeshani,
na hakuna ajuaye wimbo ulianzia kwa nani.
"Mbao hazilii, Kirunda," aliniambia.
"Linalolia ni shimo."

Jazi ilimjia kwa redio ya mawimbi mafupi,
usiku, ikipotea na kurudi
kama mgonjwa anayepata nafuu.
Asiyoyasikia aliyajaza mwenyewe.
Ndiyo maana jazi yake haikufanana na ya mtu.

Nairobi miaka mitatu: santuri moja, malipo nusu.
Kisha Jinja tena, solfa kwa watoto asubuhi, klabu usiku.
Zama za kafyu alipiga mpaka kunakucha,
maana hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani.
Askari waliomba rumba. Akawapa rumba,
ila mkono wa kushoto ulibaki Iganga.
Mmoja akaacha kucheza, akasogea:
"Huo mkono unasema nini?"
"Unahesabu tu, afande."

Mwaka sukari ilipopotea, fa ikafa.
Fa ya katikati, ile iliyo juu ya tundu la ufunguo.
Nyundo yake ilivunjika shingo,
na spea ilikuwa Ulaya, yaani mbinguni.
Hakulalamika. Akatunga kwa kuizunguka,
kama mtu apitavyo chumbani mtoto amelala.
Wimbo ulipofika pale uliruka,
na sisi tuliokaa tukajikuta tumeinama mbele,
kila mmoja ameishika pumzi yake.
Aliuita Shimo.
Watu walitoka Kamuli kwa baiskeli kuja kuusikia.
Hakuuandika popote. "Piano inaukumbuka," alisema.

Miaka kumi na moja.
Ndipo nikapata nyundo,
kwenye piano ya shule iliyoungua huko Mbale.
Nikaipachika Jumanne, yeye hayupo,
nikitaka kumfurahisha.

Na alifurahi! Lazima niseme hivyo.
Alicheka mpaka akakaa chini.
Aliibonyeza fa ile jioni nzima
kama mtoto aliyegundua kengele ya mlangoni,
akaniagizia soda na kuku mzima.

Jumamosi, ukumbi umejaa, akaanza Shimo.
Kidole kikashuka. Fa ikaitika.
Akaanza upya. Ikaitika.
Akajaribu kuikwepa, nikamwona anaikwepa,
na jambo likikwepwa kwa kujua
huwa jambo jingine kabisa.
Mara ya tatu akageukia rumba.

Alipiga miaka tisa zaidi, vizuri sana, gazeti liliandika.
Hatukuusema wimbo ule, mimi wala yeye.
Mazishini, vijana kutoka Kampala
waliniuliza kama nina kanda yake.
Sina.

Ninayo nyundo ile ya kwanza, iliyovunjika shingo,
kwenye kopo la misumari.
Wajukuu wakilitikisa kopo naisikia ikigonga bati.
Haifanani na fa.